Claude Debussy, aliyeiandika bahari akiwa bara

Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga fidla. Alipiga harusini hapa Mji wa Kale, na mara nyingine Malindi na Lamu, enzi zile watu wakikaa kitako kusikiliza taarab hadi usiku mkuu. Hilo watu walilijua. Walilokuwa hawalijui ni kwamba chumbani mwake alikuwa na kanda moja ya muziki wa klasiki wa Ulaya, aliyopewa na baharia mmoja bandarini. Kila mwaka pepo zilipogeuka, kaskazi ikipungua na kusi ikikaribia, aliitoa kanda ile, akafungua dirisha la upande wa maji, akakaa kimya kuisikiliza toka mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka kama 13 hivi. Mimi muziki ule ulinichosha. Hakuna mwimbaji, hakuna beti, hakuna hata mahali pa kupiga kofi. Siku moja nikamwuliza mjomba huyu mtu anasema nini. Akanijibu kwamba hasemi neno, hiyo ni bahari. Nikacheka. Bahari ilikuwa pale dirishani, na haikuwa ikilia vile.

Nilicheka, lakini swali lilibaki nami. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika neno. Muziki wetu hubeba shairi, na shairi ndilo lenye maana. Mtu akiisifu taarab husifu maneno kwanza, kisha sauti ya mwimbaji, na mwisho kabisa ndipo akumbuke wapigaji. Tunayo bashraf, ambayo hupigwa bila kuimbwa, lakini wengi wetu huiona ni ya kungojea wimbo uanze. Sasa muziki usio na neno hata moja utaisemaje bahari? Na mtu atatungaje muziki mpya kutokana na upepo na mawimbi, vitu vilivyokuwapo kabla yetu na visivyojua muziki ni nini?

Jibu nililipata katika maisha ya mtu aliyetunga muziki wa kanda ile. Jina lake ni Claude Debussy, Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo nataka kuyaeleza maisha yake, ndugu msomaji, pamoja na aibu yake, kwa sababu kazi yake kubwa na aibu yake kubwa zilitokea katika miaka ileile.

Mtoto wa muuza vyombo

Debussy alizaliwa tarehe 22 Agosti 1862 katika mji wa Saint-Germain-en-Laye, magharibi ya Paris. Wazazi wake hawakuwa wanamuziki wala matajiri. Baba yake, Manuel, aliwahi kuwa askari wa jeshi la majini, kisha akafungua duka la vyombo vya kaure. Mama yake alikuwa mshonaji. Duka halikusimama, na familia ikahamia Paris kutafuta riziki.

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia. Mama akawachukua watoto wake, akakimbilia Cannes, mji wa pwani ya Mediterania, alikokuwa akiishi shangazi yao. Huko ndiko Claude alikoishi jirani na bahari akiwa mdogo, na huko ndiko alikofundishwa piano kwa mara ya kwanza.

Baba alibaki Paris, akajiunga na uasi ulioitwa Commune mwaka 1871. Uasi ulipozimwa alihukumiwa kifungo cha miaka minne, akatumikia mwaka mmoja. Gerezani alikutana na mwanamuziki ambaye mama yake alikuwa mwalimu wa piano. Bibi huyo alimsikiliza mtoto, akatambua kwamba ana kipaji, akaanza kumfundisha. Mwaka 1872, akiwa na miaka 10 tu, Claude alikubaliwa kuingia Conservatoire, chuo kikubwa cha muziki cha Paris. Lau baba asingefungwa, huenda leo tusingekuwa na habari ya kumweleza mtoto.

Baba mwenyewe alikuwa na nia nyingine. Alitaka mwanawe awe baharia. Claude alikuja kulitaja jambo hilo katika barua kwa rafiki yake mwaka 1903, siku alizokuwa akianza kazi yake juu ya bahari. Alieleza kuwa yeye alikusudiwa kazi ya ubaharia, na kwamba ni maisha tu yaliyompeleka njia nyingine, lakini mapenzi yake kwa bahari hayakupungua.

Mwanafunzi mkaidi

Chuoni alikaa zaidi ya miaka 10. Wenzake walimkumbuka kuwa kijana mwenye haya kidogo na ukaidi mwingi. Muziki wa klasiki wa wakati ule ulikuwa na kanuni zake, na kanuni kubwa ilikuwa hii: sauti fulani zikipigwa pamoja hufanya kama swali, na swali lazima lifuatwe na jibu lake. Msikilizaji huachwa akining'inia kwa muda, kisha hutuliwa. Muziki mzima wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200 ulijengwa juu ya kupanda na kutua huko.

Debussy alikuwa akikaa kwenye piano na kupiga swali juu ya swali, hajibu hata moja. Walimu walikereka. Alipoulizwa anafuata kanuni gani, jibu lake lilikuwa kwamba anafuata raha ya sikio lake. Hata hivyo hakuwa mjinga wa kanuni. Alizisoma akazijua, na mwaka 1884 akashinda Prix de Rome, zawadi kubwa kuliko zote kwa watunzi vijana wa Ufaransa. Zawadi yenyewe ilikuwa kupelekwa Roma kukaa na kutunga kwa gharama ya serikali. Wengine waliililia nafasi hiyo. Yeye aliichukia. Alijiona kama mfungwa, na mwaka 1887 akarudi Paris bila kazi ya maana na bila pesa. Madeni yalimwandama tangu siku hizo hadi kaburini.

Patu za Java

Mwaka 1889 Paris ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili hiyo. Maonyesho yale yalikuwa pia mahali ambapo madola ya Ulaya yalijionyesha kwa makoloni yao. Watu waliletwa kutoka Afrika na Asia, wakajengewa vijiji vya kuigiza, na wageni wakalipa kiingilio kuwatazama kana kwamba ni vitu vya dukani. Hilo lilikuwa jambo la kuudhi na halifai kupambwa.

Lakini katika kijiji cha Wajava, walioletwa kutoka koloni la Waholanzi, kulikuwa na wapigaji wa gamelan. Hiyo ni ala ya watu wengi pamoja: patu kubwa na ndogo, vyungu vya shaba na vipande vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo, pamoja na ngoma. Debussy alisimama pale akasikiliza, na akarudi kusikiliza tena. Alichosikia ni muziki usiokimbilia jibu. Upatu mkubwa ulilia mara moja kwa muda mrefu, wa kati ulilia mara nyingi zaidi, na ala ndogo zilikwenda mbio juu yake. Kila tabaka lilikuwa na mwendo wake, na matabaka yote yalikaa pamoja bila kugombana. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba ukisikia wapigaji wale bila chuki ya Kizungu, utakiri kuwa ngoma za Ulaya ni kelele za sarakasi.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana jambo hili linatugusa. Java iko kando ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Ngalawa zetu, na matengo yake mawili ya kuzuia zisipinduke, ni ufundi ambao wanahistoria wanauhusisha na mabaharia wa visiwa vya upande ule. Kwa hivyo watu waliompa Mfaransa huyu sikio jipya walikuwa majirani zetu wa upande wa pili wa maji.

Kutoka hapo Debussy alianza kupata sauti yake mwenyewe. Tarehe 22 Desemba 1894 ulipigwa kwa mara ya kwanza muziki wake wa dakika 10 hivi juu ya faun, kiumbe wa hadithi za kale, nusu mtu nusu mbuzi, anayesinzia msituni mchana wa joto. Muziki huo unaanza kwa filimbi moja peke yake. Watu waliupenda hata ukarudiwa palepale. Kisha akaandika juu ya mawingu yanayopita usiku. Mwaka 1901, alipokuwa akiandika makala za muziki katika jarida moja, aliwashauri watunzi waache kusoma sana vitabu vya watunzi wenzao na wausikilize upepo, na alifika mahali akasema kulitazama jua likichomoza kuna faida kuliko kuisikiliza simfoni ya Beethoven juu ya mashamba. Wengi walimwona ana kiburi. Mimi naona alikuwa akieleza kazi aliyokusudia kuifanya.

Mbali na maji

Mwaka 1902 opera yake, Pelléas et Mélisande, iliwagawa watu wa Paris mafungu mawili, wa kuisifu na wa kuizomea, na ikamfanya awe mtu maarufu. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, alianza kutunga La Mer, yaani Bahari.

Mtu angedhani alikwenda kukaa ufukweni. Wapi! Alikuwa Bichain, kijiji cha bara katika nchi ya Burgundy, kwa wazazi wa mkewe, akizungukwa na mashamba na vilima vya mizabibu. Kutoka pale hadi bahari ya karibu ni safari ndefu. Mwenyewe alilijua jambo hilo na akamtania rafiki yake kwa barua, kwamba watu watasema hiyo ni bahari iliyochorwa chumbani. Kisha akaeleza kwamba ana kumbukumbu zisizo na idadi, na kwa kazi yake kumbukumbu zina thamani kuliko maji yenyewe, kwa sababu uzuri wa kitu kilicho mbele yako hulemea fikira.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza sikulikubali. Sasa nimelikubali. Mwanamke wa kwetu aliyeolewa Nairobi ndiye anayejua harufu ya mwani. Sisi tuliobaki hapa tunaipita kila siku na hatuisikii.

Nyumba iliyovunjika

Mkewe aliitwa Rosalie Texier, na watu walimwita Lilly. Walioana mwaka 1899, wakati Debussy hana kitu, na Lilly alivumilia umaskini ule pamoja naye. Mwaka 1904, kazi ya Bahari ikiwa katikati, Debussy alimwacha akaenda na Emma Bardac, mke wa mwenye benki mmoja tajiri, mwanamke msomi na mwimbaji mzuri. Walikwenda kisiwa cha Jersey, kisha wakakaa karibu na Dieppe, pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Mwezi Oktoba mwaka huo Lilly alijipiga risasi. Hakufa. Risasi ilibaki mwilini mwake, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 1932.

Paris nzima ilijua. Marafiki wengi wa Debussy walimkatia mguu, na baadhi yao walichanga pesa za kumsaidia Lilly. Wapo waliosema kwamba amefuata mali. Pia aliandamwa na kesi za talaka na madeni. Katika hali hiyo ndiyo akaendelea kuandika bahari, na mwezi Machi 1905 akaimaliza. Miezi ya kiangazi mwaka huo alikwenda na Emma hadi Eastbourne, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, akakaa katika hoteli inayotazama maji, na huko akasahihisha karatasi za uchapaji. Kwa hivyo kazi ilianza bara na ikamalizikia ufukweni.

Kuna wanaoandika maisha ya watu kama hawa na kulipita jambo hili mbio, kana kwamba kipaji ni kibali. Mimi siwezi. Nina dada, nina mabinti. Lilly alikuwa binti wa watu, na aliyotendewa hayakuwa ya haki. Muziki mzuri haulipi deni la namna hiyo. Lakini pia siwezi kusema muziki ule ni mbaya kwa sababu aliyeuandika alikosea. Mwashi dhalimu aweza kujenga nyumba madhubuti. Utakaa ndani, na dhuluma yake utaikumbuka vilevile.

Bahari isiyo na neno

Sasa nirudi kwenye swali langu la utotoni. Kazi hii ina sehemu tatu na huchukua kama dakika 24. Mwenyewe hakuiita simfoni. Aliiita michoro mitatu ya okestra. Mchoro wa kwanza ni kutoka alfajiri hadi adhuhuri baharini. Wa pili ni michezo ya mawimbi. Wa tatu ni mazungumzo ya upepo na bahari.

Mtu akisikia majina hayo atatarajia kuigizwa sauti: ngoma ipige kishindo cha wimbi, filimbi ilie kama upepo. Hayo yamo kidogo sana. Alichokichukua Debussy kwa bahari ni tabia yake. Bahari hairudii wimbi lilelile mara mbili, ila kila wimbi unalitambua kuwa ni wimbi. Naye akatunga vipande vifupi vya wimbo vinavyozuka, vinabadilika kabla hujavizoea, vinazama, kisha vinazuka mahali pengine kwa ala nyingine. Zile kanuni za swali na jibu hazina nafasi hapo, kwa sababu wimbi nalo halijibu swali la mtu.

Mchoro wa kwanza unaanza kwa sauti ya chini mno, ngoma ikinguruma polepole, ala nzito za nyuzi chini na vinubi juu yake, kama giza ambalo hujui litapasuka wapi. Baadaye katikati yake wapigaji wa selo wanagawanywa mafungu manne, na wimbo wao unanyanyuka na kushuka kama chombo kilichopata mkondo. Mwisho tarumbeta na ala zote za shaba zinafunguka pamoja, na hapo hakuna asiyejua kuwa jua limesimama utosini. Rafiki yake Erik Satie, mtunzi mwenye utani, alimwambia kwamba kilichompendeza zaidi ni kipande cha saa tano kasorobo. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha huo unakiri kwamba mwanga unasikika ukisogea.

Mchoro wa tatu ndio ninaoupenda. Unaanza na mngurumo wa ala nzito, mfupi na wa vitisho. Nahodha yeyote wa mashua angeijua hali hiyo, maji yanapobadilika rangi kwa mbali kabla upepo haujafika. Kisha upepo na maji vinashikana, vinaachana, vinapumzika mahali pazuri mno, na vinashikana tena.

Hukumu ya watu

Muziki huu ulipigwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 15 Oktoba 1905. Haukupokewa vizuri. Okestra haikuwa imeuelewa, na ukumbini walikuwapo wengi waliokuja na habari ya Lilly kichwani. Mkosoaji Pierre Lalo, aliyewahi kumsifu sana Debussy, aliandika kwamba haisikii bahari, haioni wala hainusi harufu yake. Siku 15 baada ya onyesho hilo Emma alijifungua mtoto wa kike, Claude-Emma, ambaye baba yake alimpa jina la utani Chouchou.

Karatasi za muziki wenyewe zilipochapishwa, jalada lake lilikuwa na wimbi kubwa lililochukuliwa katika picha mashuhuri ya Hokusai wa Japani. Debussy alikuwa na nakala ya picha hiyo nyumbani kwake. Mara nyingine tena alikuwa amekwenda Mashariki kutafuta namna ya kuiona bahari.

Mwezi Januari 1908 alisimama mwenyewe mbele ya okestra Paris kuongoza Bahari. Hakuwa na uzoefu wa kuongoza. Safari hii watu walisimama, wakashangilia, ingawa wengine bado walipiga miluzi. Mwezi uliofuata aliiongoza London, ikapokewa vizuri. Tangu hapo haijawahi kuondoka katika orodha ya kazi zinazopigwa na okestra kubwa duniani.

Aliendelea kutunga juu ya vitu visivyo na neno: upepo wa uwandani, nyayo juu ya theluji, kanisa la hadithi lililozama baharini. Katika vitabu vyake viwili vya muziki mfupi wa piano aliweka majina mwishoni mwa kila kipande, baada ya noti ya mwisho. Alitaka msikilizaji asikie kwanza, kisha ndipo aambiwe.

Miaka ya mwisho

Ugonjwa wa saratani ya utumbo ulianza kumsumbua mwaka 1909. Alitunga akiwa na maumivu, na aliongoza okestra nchi za mbali ili alipe madeni. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 alikata tamaa, akaona hana cha kuandika. Kiangazi cha 1915 alikwenda Pourville, karibu na Dieppe, katika nyumba iliyo juu ya bahari. Huko mkono ulifunguka tena. Kwa miezi michache aliandika kazi nyingi, kana kwamba anajua muda umebaki mchache. Desemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji, na baada yake hakupata afya tena.

Alifariki Paris tarehe 25 Machi 1918, akiwa na miaka 55. Siku hizo Wajerumani walikuwa wakiupiga mji kwa mzinga wao wa masafa marefu, na waliomsindikiza kaburini walikuwa wachache. Chouchou, aliyempenda kuliko kitu chochote, alimfuata mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa dondakoo. Alikuwa na miaka 13.

Miaka ile niliyokuwa nayo mimi nilipomcheka mjomba.

Alichotuachia

Mjomba alipofariki, kanda ile niliirithi mimi. Iliwahi kuliwa na mashine, nikaiunga kwa gundi ya karatasi. Kwa muda mrefu sikuisikiliza. Kisha usiku mmoja wa bamvua, umeme ukiwa umekatika, nilikaa dirishani pale alipokuwa akikaa yeye. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba bahari si sauti moja. Karibu na ukuta kulikuwa na vijiwimbi vinavyogonga mawe haraka haraka. Nyuma yake kulikuwa na mawimbi ya kawaida, yenye kupumua. Na mbali kabisa, kwenye mwamba, kulikuwa na mngurumo mzito unaokuja kwa nadra. Kila kimoja na mwendo wake, na vyote pamoja. Nikazikumbuka patu za Java. Nikafahamu kwa nini Debussy alisimama pale mwaka 1889 asiondoke.

Umeme uliporudi niliiweka kanda. Nikasikia alfajiri inapita.

Siku hizi nakutana na vijana wetu wanaotaka kutunga muziki mpya wa pwani. Wana kompyuta, wana vipaji, na baadhi yao wameanza kurekodi mawimbi kwa simu na kuyaweka chini ya ngoma. Si vibaya. Lakini wimbi lililorekodiwa ni wimbi tu, kila mtu analo. Ushauri wangu kwao ni ule wa mtu huyu: kaa, usikilize hadi ujue kitu kile kinakwendaje, kisha ondoka, uandike unachokikumbuka. Tunazo pepo mbili zenye tabia mbili. Tuna maji ya kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Tuna umande wa asubuhi unaozitoa ngalawa na upepo wa jioni unaozirudisha. Haya yote mashairi yetu yameyasema kwa karne nyingi, na vizuri mno. Kwa fidla, udi, kanuni na nai peke yake, bila neno, bado hayajasemwa vya kutosha.

Na kuna ushauri mwingine, ambao Debussy hakutupa kwa kusema bali kwa kukosea. Mtu anayeweza kuusikia upepo unaokuja kutoka mbali, asiwe kiziwi kwa aliye naye nyumba moja. Mjomba wangu alipiga fidla miaka 40 na hakuacha jina kubwa, lakini mkewe alipokuwa mgonjwa aliacha harusi za msimu mzima akakaa naye. Hakutunga kitu kinachopigwa London. Kila nikiisikiliza kanda ile, nawakumbuka wote wawili, na nimeshindwa kusema ni nani kati yao aliyesikia vizuri zaidi.